Mbuzi Watatu wa Kituruki

Daftari hili si langu. Ni la mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Yeye ameandika kutoka mbele, mimi naandika kutoka nyuma, na tukikutana katikati nitaacha. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mtoni. Lakini kukumbuka, nakumbuka. Niko na majina ya watu wote niliowahi kula nao, na ya baba zao, na ya mbuzi wao kama mbuzi walipewa jina. Hapa sitaandika hata moja. Wenyewe wengine wako hai na wanasoma haraka kuliko mimi.

Nataka kuandika juu ya ile lugha. Huku kwetu Mwala kuna watu wanaosema niliikataa kwa sababu ya uzee. Sikuikataa. Niliichunguza, na bado naichunguza.

Mjukuu wangu alikuwa amemaliza kozi fupi ya kutunza wagonjwa kule Machakos mjini, akarudi nyumbani kungoja kazi. Kazi haikuja. Badala yake, kila siku saa kumi alasiri alianza kupanda juu ya jiwe lililo nyuma ya zizi la mbuzi, mahali simu inaposhika vizuri. Anaketi, anaweka daftari gotini, anaongea na mwanamume.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa zizi nachagua ndengu kwenye ungo. Ndengu zenyewe zilikuwa safi tangu asubuhi, lakini nilizichagua tena.

"Kechim," sauti ya mwanamume ikasema ndani ya simu.

"Kechim," mjukuu wangu akajibu.

"Kechin."

"Kechin."

"Kechisi."

Hapo akakosea, akacheka, na yule mwanamume akacheka pia. Nikaacha ndengu. Mwalimu wangu wa darasa la tatu hakuwahi kucheka hata siku moja, na yote aliyonifundisha ninayo mpaka leo. Mwanamume anayecheka na msichana akikosea, huyo hafundishi hesabu.

Aliposhuka nikamwuliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mwalimu, Susu." Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba; ndivyo anavyoniita.

"Mwalimu wa nini?"

"Wa lugha. Kituruki."

"Na Kituruki ni cha nini?"

"Nitakuambia ikikubali."

Ikikubali. Neno hilo nalijua. Mambo yote yaliyowahi kupikwa nyuma ya mgongo wangu yalianza na ikikubali.

Ni lazima nieleze kwa nini. Kwetu Wakamba msichana haolewi kwa barua wala kwa pete. Anaolewa siku mbuzi watatu wa kwanza wanapoingia zizini kwao. Tunawaita mbuzi wa ntheo. Wakishapokelewa, mmoja akachinjwa, nyama ikaliwa na wazee wa pande zote mbili, basi, huyo ni mke wa watu. Harusi ya kanisani inaweza kuja mwaka huo au isije kabisa. Mbuzi wamekwisha kusema.

Mama yake huyu msichana, binti yangu wa pekee, aliolewa nikiwa sokoni. Nilikuwa nimepeleka maembe Machakos. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki, na kakake, shemeji yangu, ndiye aliyesimama mahali pake. Wageni walikuja kutoka Yatta na mbuzi watatu. Shemeji akawapokea, akachinja dume, wakala. Nilirudi jioni nikakuta mifupa na moshi, na binti yangu ameketi jikoni na kitambaa kipya kichwani, hanitazami. Nilinyamaza. Hilo ndilo ninalojilaumu, kwamba nilinyamaza. Niliosha sufuria za wageni nikanyamaza.

Binti yangu hakukaa huko miaka mingi. Alikufa akamwacha mtoto wa miaka minne. Nilipokwenda kuuomba mwili wake nikaambiwa, mama, mbuzi wetu walipokelewa, huyu ni wetu. Wakamzika kwao. Mtoto ndiye hawakumtaka sana, kwa sababu baba alikuwa na mke mwingine tayari, nikambeba mgongoni mpaka hapa. Nikamwambia njiani, wewe, mbuzi wako nitawapokea mwenyewe au hawatapokelewa. Alikuwa amelala. Lakini nilisema.

Kwa hivyo mtu asinishangae nilipokuwa nachagua ndengu safi.

Jumatano tulikuwa na jumuiya nyumbani kwa jirani yangu wa ng'ambo ya mto, mjane kama mimi, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu tubatizwe pamoja. Baada ya rozari akanivuta kando.

"Nasikia msichana wako anaongea na simu kwa lugha ya ndege."

"Ni Kituruki."

"Hao ni wa wapi?"

"Mbali. Ng'ambo ya bahari, amesema."

"Na anajifunza ya nini? Hapa kuna Mturuki anauza nyanya?"

"Amesema ni masomo."

"Hee. Wa dada yangu naye alisema ni masomo. Sasa masomo iko na meno mawili na inatambaa."

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka kidogo ili wasione. Nikirudi nyumbani nilipitia kisima cha mchangani, nikaketi pale, nikafikiri. Mambo ni mawili, nikasema. Ama ni masomo, ama ni mume. Kama ni masomo, kwa nini anasema neno moja kila siku?

Kesho yake nikamvizia akitwanga mahindi ya muthokoi, maana mtu akitwanga hawezi kukimbia na mchi. Nikasema kama mtu asiyejali, "Hilo neno la kechi-kechi ni nini?"

"Mbuzi, Susu."

"Mbuzi?"

"Ndiyo. Kechim ni mbuzi yangu. Kechin ni mbuzi yako. Kechisi ni mbuzi yake."

"Hao ni wangapi?"

Akafikiri namfanyia mzaha. "Watatu," akasema, akaendelea kutwanga.

Mbuzi watatu. Mwanamume ng'ambo ya simu, mbuzi watatu kila siku saa kumi, wangu, wako, wake. Hakuna Mkamba ambaye angesikia hivyo akafikiria shule. Nilimtazama yule mtoto akipepeta makapi, uso umetulia kabisa, nikasema moyoni, mama yake naye alikuwa na uso huo huo siku ya kitambaa.

Nilifanya mambo haraka. Nikafunga lango la zizi kwa mnyororo wa baiskeli ya marehemu mume wangu. Nikavuka mto kwenda kwa jirani, nikamwambia anipigie simu kwa shemeji yangu. Nilitaka kumwonya. Nilitaka kumwambia kwamba safari hii asithubutu kupokea kitu. Lakini shemeji husikia kwa sikio moja, na jirani alikuwa amesimama karibu yangu akivuta harufu ya habari, nikaogopa kusema mengi. Nikapaza sauti nikasema tu, "Njoo Jumamosi. Kuna mambo ya mbuzi watatu."

"Watatu?" akasema.

"Watatu."

"Nimesikia," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo ilipaswa kunionya mimi.

Jumamosi asubuhi alifika. Alikuwa amevaa koti jeusi lile la mazishi na harusi, ameshika fimbo, na nyuma yake wazee wawili wa ukoo kutoka upande wa Masii. Mmoja alikuwa na kisu cha kuchinjia kimefungwa kwenye gazeti. Walikaa kwenye viti vyangu wakatazama njia, kama watu wanaongoja wageni.

"Hao wenye mbuzi wametoka saa ngapi?" shemeji akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mtu hawezi kumwita mwanaume wa ukoo kwa maneno yale kisha amwambie amekuja kuonywa. Nilikuwa nimeita ntheo kwa mdomo wangu mwenyewe. Kabla sijapata la kusema, mjukuu wangu akatokea na punda kutoka mtoni. Akaona koti. Akaona fimbo, akaona gazeti. Hakuna msichana wa huku asiyejua picha hiyo. Akaacha punda asimame na mitungi yake.

"Susu," akasema polepole, "umeniozesha?"

"Nimekuzuia."

"Kwa kuwaita hawa?"

"Wewe ndiye uliye na mbuzi watatu," nikasema. "Na mwanamume."

Aliachia kamba ya punda. Kisha akaketi chini palepale kwenye vumbi, akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Nilipomkaribia nikakuta anacheka na kulia pamoja, na mimi kicheko cha namna hiyo sikiamini.

"Babu," akamwambia shemeji yangu kwa sauti, karibu na sikio lake zuri, "hakuna wageni. Mbuzi wako kwenye daftari."

"Wako wapi?"

"Kwenye daftari. Ni masomo. Mwalimu alituambia tuchukue kitu cha nyumbani tujifunzie. Mwenzangu mmoja amechukua kikombe. Mimi nikachukua mbuzi."

Mzee mwenye kisu akageuza gazeti lake mkononi. "Tumetoka Masii tangu alfajiri," akasema, "kwa mbuzi wa daftari."

"Ungechukua kikombe, msichana," mwenzake akasema. "Kikombe kingekuwa na chai."

Niliwapa chai. Niliwapa na muthokoi, sahani kubwa, wakala vizuri kwa watu waliodanganywa. Na pale, mbele ya wazee, kwa kuwa sasa hakuna la kuficha, yule mtoto akasema yote. Kuna nafasi ya kusomea uuguzi huko Uturuki, si kozi fupi, uuguzi kamili. Mwaka wa kwanza wote ni lugha. Lakini hata kupewa nafasi, lazima kwanza uongee nao kwa simu robo saa, ueleze nyumbani kwenu kwa Kituruki bila kusoma mahali. Siku yake ilikuwa Alhamisi iliyofuata.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ungekataa kabla haijakubali. Nilitaka ukatae ikiwa imekubali." Kisha akasema, "Ukisema hapana siendi, Susu. Sitaki kuondoka wewe ukiwa sokoni."

Wazee waliacha kutafuna. Mimi nilimtazama usoni. Yalikuwa maneno mazuri, na maneno mazuri kama hayo mara nyingi yamefanyiwa mazoezi. Nikasema, "Nitakujibu Jumatano. Kwanza nionyeshe hao mbuzi."

Akafikiri nataka daftari. Nilimwambia aache daftari, twende zizini.

Wakati huo nilikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Kila mmoja ana jina na kila mmoja ana alama ya nyumba yetu, kipande kimekatwa chini ya sikio la kushoto. Mama mkwe ndiye alinifundisha kukata. Mbuzi wangu akichanganyika na wa watu mtoni, sibishani na mtu, nashika sikio. Nilimwambia mjukuu wangu asimame katikati yao anieleze ile lugha kama atakavyowaeleza hao watakaomhoji, na akidanganya nitajua, maana mbuzi nawajua.

Akamshika beberu. "Huyu peke yake ni kechi. Hana mtu."

"Hakuna mbuzi asiye na mtu."

"Kwenye lugha, Susu. Sasa nikitaka kusema ni wangu, sisemi 'wangu' kando. Naunganisha huko nyuma yake. Kechim. Ni kama mkia."

"Kama sikio," nikasema.

Akamgusa beberu sikioni. "Ndiyo. Kama sikio. Unakata neno lenyewe, linatembea na alama yake."

Hilo nililielewa upesi, na kulielewa upesi kukanitia wasiwasi. Nikamwambia sisi pia tunasema babangu, babako, babake. Akasema ndiyo, na wao baba ni baba vilevile, na baba yangu ni babam. Nikamwuliza walilitoa wapi neno letu. Akasema hajui. Nikalihesabu hilo kama shaka moja.

"Wako ni kechin. Wake, yule ambaye hayuko hapa, ni kechisi."

"Rudia."

"Kechim. Kechin. Kechisi."

"Kwa nini asiyekuwepo ndiye amepewa mkia mrefu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Hapana. Wangu mfupi, wako mfupi, asiyekuwepo mrefu. Sisi tuko hapa na mbuzi, tunawalisha. Yeye hayuko, na ndiye anachukua sehemu kubwa."

"Susu, ni lugha."

"Hata siku ile ya mama yako mimi ndiye sikuwepo," nikasema, "na sikupata kitu." Nikahesabu mbili.

Akaendelea. Akanieleza kwamba ukisema sikio la mbuzi, mbuzi anapata alama yake na sikio nalo linapata yake, wote wawili, mwenye kitu na kitu. Hapo nikaikubali kidogo ile lugha, maana ni kazi safi. Mtu hawezi kukata alama moja akaiacha nyingine akasema amesahau. Kisha akaingia kwenye nyumba. Nyumba ni ev. Nyumba yangu ni evim. Lakini nyumba hiyohiyo, ukiwa unaenda kwake ni eve, ukiwa ndani yake ni evde, ukiwa unatoka ni evden.

"Yaani inabadilika."

"Mwisho tu."

"Kwetu musyi ni musyi," nikasema. Musyi ndiyo nyumbani. "Ukienda ni musyi, ukikaa ni musyi, ukitoka ni musyi. Haihami kwa sababu wewe umehama. Sasa nyumba inayobadilika jina ukitoka mlangoni, utaijua ukirudi?"

Alicheka, kisha akaona sichezi. Akaokota kijiti akachora mistari mavumbini, hii eve, hii evden, akanionyesha kwamba ile sehemu ya mbele haiguswi. Ev ni ev daima. Kinachobadilika ni kile kinachoeleza wewe unaelekea wapi. Niliitazama mistari mpaka mbuzi akaikanyaga.

Nikasema nataka kuongea na huyo mwalimu.

Jumatatu saa kumi nilipanda jiwe. Sikuwa nimelipanda tangu miguu iharibike, na mjukuu wangu alinisukuma kutoka nyuma kama gunia. Simu ilikuwa na picha. Mwanamume mwenyewe alikuwa na mvi na miwani, na nyuma yake ukuta mtupu. Nilitazama ukuta ule vizuri. Mtu asiye na kalenda, wala picha ya mtakatifu, wala mtoto, anaficha nini?

"Mwulize yeye ni wa nani," nikasema.

"Susu, hawana ukoo kama sisi."

"Mwulize."

Waliongea. Nilimsikiliza mjukuu wangu, na sauti yake kwenye lugha ile ilikuwa ya mtu mzima zaidi kuliko kwenye Kikamba, jambo ambalo halikunifurahisha. Akanitafsiria, "Anasema yeye ni mtoto wa kijijini. Anasema alilelewa na nyanya yake, mama ya mama yake. Walikuwa na mbuzi."

"Mwambie kila mtu anayetaka kitu chako huwa na nyanya mwenye mbuzi."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Basi mwulize mbuzi wa nyanya yake walijulikana vipi wakichanganyika."

Hilo alimwuliza. Yule mwalimu hakujibu kwa mdomo. Alitoa miwani, akashika sikio lake mwenyewe, akaonyesha kwa kidole, hapa juu na hapa, masikio yote mawili. Kisha akafanya vidole kama mkasi.

Swali hilo sikumwambia mtu kwamba nitaliuliza, kwa hivyo hakuna aliyemfundisha jibu. Lakini nilifikiri pia kwamba wezi wa mbuzi nao wanajua alama zote. Nikamwambia mjukuu wangu amsalimie huyo nyanya ya mwalimu. Akasema amekufa zamani. Nikasema, basi aseme pole, na aniteremshe.

Usiku wa Jumanne sikulala vizuri, na Jumatano nikatoa jibu. Nilimwita shemeji tena, safari hii kwa maneno machache yasiyo na mbuzi, na jirani akaja bila kuitwa. Mbele yao nikamwambia mtoto hivi: utaenda. Lakini shemeji atasema hapa, kwa mdomo wake, kwamba hakuna mnyama atakayepokelewa kwenye zizi hili kwa ajili yako kama mimi sijaketi kwenye kiti hiki. Wala kwa simu, wala kwa Kituruki. Na kama nimekufa, utakuja wewe mwenyewe uwapokee au uwafukuze.

Shemeji aliangalia fimbo yake. Alijua nasema juu ya nini. Tangu siku ile ya mifupa hatukuwahi kuitaja. "Sitapokea," akasema.

"Sema mbuzi wa nani."

"Wa mtu yeyote."

"Sema kama nani hayupo."

"Kama hupo wewe," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ile hukuwepo. Nilipaswa kungoja."

Nikachukua maji mdomoni, nikampulizia mjukuu wangu kifuani na viganjani kumbariki, kama nilivyopuliziwa na nyanya yangu, nikataja majina ya wale wote wa kwetu waliomtangulia, mmoja mmoja, na la mama yake nikalitaja mwisho. Hayo majina alikwenda nayo. Hayako hapa.

Alhamisi alihojiwa juu ya jiwe. Mimi nilikuwa na ungo wangu wa ndengu, na safari hii sikujificha. Sikuelewa maneno, lakini nilisikia mikia. Nilimsikia akitaja mbuzi, kechi zile, nyingi. Nikasikia na anneannem, ambalo alikuwa amenifundisha siku ya mistari: mama wa mama, na mkia wake ni wangu. Huyo ni mimi. Nilihesabu alilitaja mara nne. Nilisikia evden, nikangoja. Ndengu zilikuwa mkononi, nikangoja. Baadaye kidogo, kama mtu aliyekumbuka, akasema eve. Nikaendelea na kazi.

Ikakubali. Sasa ni mwaka wa pili ameondoka. Anapiga simu Jumapili baada ya misa, kwenye simu ya jirani, na mimi huwa nasikiliza kwanza kilicho nyuma ya sauti yake. Kijiko, mlango, redio. Mwezi uliopita nilisikia mtu akikohoa.

"Huyo ni nani?"

"Ni mwenzangu wa chumbani, Susu. Ana mafua."

"Ana jina?"

Akanitajia jina, la kike anasema, na nimeliweka na mengine. Nikamwambia aniletee huyo mwenzake kwenye simu akohoe tena. Wakacheka wawili. Kilikuwa kicheko cha wanawake, nakubali, lakini simu hugeuza sauti.

Kabla hajaondoka alinisaidia kukata alama ya mtoto wa mbuzi aliyezaliwa wiki ile. Alikata mwenyewe, na akasema huyo ni wake, nimtunzie. Amekuwa mkubwa sasa na ana mimba. Kila jioni, kabla sijafunga mnyororo wa baiskeli, naingia zizini nashika masikio yao wote, la kushoto, chini. Nimezoea kusema tukiwa peke yetu, kechim, kechim, na nikifika kwa huyo nasema kechin, wako, kwa maana anayenisikiliza kutoka huko mbali najua ni nani. Leo wamekuwa kumi na watatu. Wote nimewashika, na hakuna sikio geni.